Nyufa Ndogo za Bagamoyo

Kuta za mji mkongwe wa Bagamoyo ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na ni chache zisizo na ufa. Anayekuja kuzikagua huuendea ule mkubwa, wa kuingia kidole. Ningemwomba atazame kwanza nyufa nyembamba kama unywele zilizouzunguka, kwa kuwa hizo zina neno katika kuamua ufa huo mkubwa utakakofika.

Mwaka 1921 Mwingereza A. A. Griffith alieleza kwa nini kioo hupasuka kwa nguvu ndogo mno kuliko hesabu zilivyotarajia: mkazo hurundikana kwenye ncha za nyufa zisizoonekana kwa macho. Waliomfuata wakachunguza nyufa zikiwa pamoja. Ufa mdogo ulio mbele ya ncha ya ufa mkubwa, kwenye mstari uleule, huiongezea ncha hiyo mkazo hadi nyufa mbili zikawa moja. Lakini nyufa ndogo zilizolala ubavuni, sambamba na ule mkubwa, huupunguzia mzigo. Kuzihesabu tu hakutoshi. Lazima ujue zimekaa wapi.

Hapa ndipo chokaa inapostahili heshima. Ni laini. Msingi ukititia kidogo, purukushani yote humezwa na nyufa nyingi nyembamba kwenye maungio, mawe yakasalimika. Tena maji ya mvua huyeyusha chokaa kidogo na kuigandisha upya ndani ya ufa mwembamba, ukajiziba wenyewe.

Lipu ya saruji haina hulka hiyo. Ni ngumu kuliko chokaa iliyo chini yake, haikubali kuachia kidogokidogo. Huvumilia, kisha hutoa ufa mmoja mrefu unaoweza kupenya hadi kwenye jiwe. Unyevu uliofungiwa nyuma yake huacha chumvi, na chumvi inapoganda kuwa fuwele ndani ya vitundu vya tumbawe huzaa nyufa nyingine, zikiwemo za mbele ya ncha, pabaya kuliko pote.

Si suala la urembo. Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ya Zanzibar, jumba la mwaka 1883, iliporomoka likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafa.

Kwa Boma la Wajerumani la mwaka 1897, kwa magofu ya Kaole na kwa nyumba za watu binafsi, ninachodai hakihitaji mitambo: kabla ya mwiko, nyufa zote zichorwe, ndogo kwa kubwa, kila ncha iwekewe alama na tarehe, zitazamwe tena baada ya masika. Panapohitaji kuzibwa, pazibwe kwa chokaa.