Je, Wajua? Tabora, Njia Panda ya Reli ya Kati

Je, wajua kwamba stesheni ya Tabora ilizaliwa palepale misafara ya wapagazi ilipokutana? Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, kisha Kigoma mwaka 1914. Septemba 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliuteka mji wa Tabora na stesheni yake.

Baada ya vita, Tabora ikawa njia panda ya reli watawala wapya, Waingereza, walipojenga tawi la kwenda Mwanza, lililokamilika mwaka 1928. Ndipo pamba ya Usukuma ilipopata njia ya reli ya moja kwa moja hadi bandari ya Dar es Salaam.