Hofu ya nundu moja na vichwa vingi vya mpira

Mtu anainama jikoni kuokota kijiko, anainuka, na utosi unakutana na kona ya mlango wa kabati ulioachwa wazi. Maumivu yanatulia kabla chai haijachemka. Usiku ndipo mashaka yanapoanza: isije ikawa damu inavuja ndani kwa ndani? Na juzi si aligonga paji la uso alipokuwa akishuka kwenye daladala? Kwa mzazi wa mtoto anayejifunza kutembea, mashaka hayo hayana likizo.

Wanaohangaika hivyo wanastahili kujibiwa kwa heshima, na jibu lenyewe linatuliza moyo. Ngozi ya kichwa ina mishipa mingi midogo ya damu, ndiyo maana nundu huvimba upesi na kutisha kupita madhara yake. Chini ya ngozi kuna fuvu, na ndani ya fuvu ubongo wa mtu mzima, wenye uzito wa karibu kilo 1.4, umezungukwa na majimaji yanayoukinga na misukosuko ya kila siku. Hakuna ushahidi kwamba kujigonga kwenye kabati, bila kuzimia wala kuchanganyikiwa, kunamwachia mtu ugonjwa wa uzeeni. Tena wasiwasi wenyewe huleta kichwa kuuma, usingizi wa mang'amung'amu na kusahausahau, dalili zilezile ambazo mwenye hofu huzihesabu kuwa ndio uthibitisho wa kuumia.

Hospitali ni ya kukimbilia pale aliyegonga kichwa anapozimia hata kwa muda mfupi, anapotapika tena na tena, anapopata degedege, maumivu yanapozidi badala ya kupoa, anapokuwa mgumu kuamshwa, mkono au mguu unapolegea, au majimaji yasiyo na rangi yanapochuruzika puani au sikioni. Mzee aliyepita miaka 65, mtoto mchanga, na yeyote anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda wapelekwe wakapimwe bila kungoja dalili hizo.

Lakini mzazi huyohuyo aliyekosa usingizi kwa ajili ya kabati, Jumamosi jioni husimama kando ya uwanja akimshangilia mwanawe wa miaka tisa anayeruka kupiga mpira kwa kichwa, akirushiwa tena na tena na kocha. Huko ndiko wasiwasi wa wanasayansi ulikohamia, na kisa kilichouhamisha ni cha Jeff Astle.

Astle alikuwa mshambuliaji wa West Bromwich Albion, akaichezea pia timu ya taifa ya England katika Kombe la Dunia la mwaka 1970 kule Mexico. Sifa yake kubwa ilikuwa kichwa. Alifariki Januari 2002 akiwa na umri wa miaka 59 tu, kumbukumbu zimemtoka. Mwaka huohuo afisa wa uchunguzi wa vifo aliamua kwamba kilichomuua ni ugonjwa uliotokana na kazi yake: mapigo madogo madogo ya mpira, yaliyorudiwa kwa miaka. Familia ilitarajia kwamba uamuzi huo ungewaamsha wakubwa wa soka. Ikasubiri zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2014 Dk. Willie Stewart wa Glasgow aliuchunguza tena ubongo wa Astle akakuta CTE, ugonjwa ambao protini iitwayo tau hujikusanya kuzunguka mishipa midogo ya damu ya ubongo. Kabla ya hapo ugonjwa huo ulijulikana zaidi kwa mabondia na wachezaji wa soka la Kimarekani, na hadi leo huthibitishwa baada ya kifo tu.

Binti yake, Dawn Astle, hakukubali kisa hicho kizikwe pamoja na baba. Alidai utafiti, na mwaka 2019 Stewart na wenzake wakatoa majibu baada ya kuwalinganisha wachezaji wa zamani 7,676 wa Scotland na watu wengine zaidi ya 23,000. Wachezaji walikuwa na uwezekano wa mara tatu na nusu zaidi wa kufa kwa magonjwa ya kudhoofika kwa ubongo. Taarifa ya mwaka 2021 ilizidi kufumbua macho: makipa hawakuwa tofauti na raia wa kawaida, ilhali kwa mabeki hatari ilikaribia mara tano.

Haki itendeke kwa mchezo wenyewe. Wachezaji haohao walikufa kwa uchache kuliko wenzao kwa maradhi ya moyo na saratani ya mapafu, na wote walikuwa wa kulipwa. Anayecheza mchangani mwisho wa wiki hawezi kujivisha takwimu zao. Mtoto, hata hivyo, ana miaka mingi ya mapigo mbele yake. Marekani ilipiga marufuku vichwa kwa watoto wa miaka 10 na chini mwaka 2015. England, Scotland na Ireland ya Kaskazini ziliviondoa mwaka 2020 katika mazoezi ya watoto wa shule za msingi.

Pigo linalomwacha mchezaji akiyumba, asijue matokeo ni mangapi, ni jambo jingine: huo ni mtikiso wa ubongo, na picha ya CT-Scan inaweza kutoka safi kabisa. Aliyepatwa nao hatakiwi kurudi uwanjani siku hiyo, hata akiapa kwamba yuko sawa. Apumzike siku moja au mbili, kisha aanze kutembea na kurejea taratibu. Kujifungia gizani kwa wiki nzima hakumsaidii. Watu wazima wengi hupona ndani ya wiki mbili, watoto huchukua hadi wiki nne.

Viwanja vingi vya Temeke au Kariobangi havina daktari wala machela, kwa hiyo uamuzi huu wote umo mikononi mwa kocha anayejitolea. Kusema "toka" hakumgharimu hata shilingi. Wala hakumgharimu kuondoa vichwa kwenye mazoezi ya watoto wa chini ya miaka 12 kuanzia wiki hii, na muda huo akawafundisha pasi, chenga na kutuliza mpira kifuani.