Ameridhika, kwa Futi Ipi?

Msomaji mmoja wa Tanga ameniandikia habari za kaka yake, mwenye skizofrenia tangu ujanani. Kila mwezi humsindikiza kliniki kuchomwa sindano, na safari iliyopita waliulizwa wanaionaje huduma. Kaka akajibu kwamba ameridhika kabisa. "Tumekaa foleni toka asubuhi, dawa nyingine tumeambiwa tukanunue nje, na mwenzangu anasema ameridhika! Ni ugonjwa unaosema, au ni yeye?"

Ni yeye, ndugu yangu. Ugonjwa wenyewe sitauelezea. Anayeishi na mgonjwa nyumbani anaujua kuliko makala yoyote. Nataka tulitazame hilo jibu, maana halipatikani Tanga tu. Dodoso mashuhuri la kupima kuridhika kwa wateja wa huduma za afya ya akili lilichapishwa Marekani mwaka 1979. Lina maswali 8, kila moja alama 1 hadi 4, kwa hiyo aliyechukizwa na kila kitu anapata 8 na aliyependezwa na kila kitu 32. Popote linapopelekwa, alama hujazana upande wa juu. Adabu inachangia, na hofu ya kumuudhi mwenye sindano inachangia pia. Lakini lipo jambo la tatu, nalo ndilo linaloninyima usingizi kwa raha.

Chukua futi ya fundi cherehani, ile ya kuvaa shingoni. Imevutwa miaka nenda rudi, imeshinda juani, imerefuka na alama zake zimeachana. Mteja aliyepimwa kiuno mwaka jana akirudi leo, namba inasoma ndogo zaidi, na mwili ni ule ule. Fundi hana habari, kwani hana futi nyingine ya kulinganishia. Mtu akiulizwa maisha yake yakoje, futi anayopimia imo kichwani mwake, na miaka ya kulazwa, kufungiwa chumbani na kukimbiwa na marafiki huivuta vilevile. Zamani maisha mazuri yalikuwa kazi na nyumba yake. Leo ni usiku mmoja mzima bila sauti za kichwani. Turudi kwa fundi: pengine futi ni nzima, ila safari hii mteja hajali kiuno, anataka mabega yakae sawa. Mgonjwa naye huacha kuhesabu fedha, akahesabu kupatana na mama yake. Au mteja ameachana na suti kabisa, anataka kanzu, na kipimo cha kiuno hakina kazi tena. Mambo haya matatu watafiti Mirjam Sprangers wa Uholanzi na Carolyn Schwartz wa Marekani waliyaunganisha katika nadharia moja mwaka 1999. Nayaita mnyumbuko wa kipimo. Nilijaribu kuyaita "badiliko la majibu", jina likaniudhi, kwa kuwa jibu laweza kubaki lile lile wakati kila kitu nyuma yake kimehama.

Na namna ya kuukamata mnyumbuko huo ni nzuri ajabu. Leo mtu anayapa maisha yake 5 kati ya 10. Mwaka ukipita unamwuliza mara mbili: sasa unayapa ngapi, na ukitazama nyuma, mwaka jana ungeyapa ngapi? Akisema sasa 5, mwaka jana 2, basi ile 5 ya kwanza ilipimwa kwa futi nyingine. Karatasi zingesema hakuna kilichobadilika, kumbe mwenyewe anajiona amepanda ngazi tatu. Kumbukumbu nayo hupotosha kidogo.

Ndiyo maana napendelea swali la mtu amepungukiwa nini. Mwaka 1995 watafiti wa London walichapisha kipimo chenye jina la mtaa wa Camberwell, kinachopitia maeneo 22 ya maisha: malazi, chakula, fedha, usafiri, simu, mwenzi, watu wa kuongea nao, shughuli za mchana. Mgonjwa anajibu, mhudumu wake naye anajibu kando, na mara nyingi hawapatani. Kilipotumika kusini mwa Verona, Italia, mahitaji yasiyotimizwa, kwa hesabu ya mgonjwa mwenyewe, yalikwenda sambamba na maisha duni. Wasiwasi na sonona pia hushusha alama za ubora wa maisha, mara nyingi kuliko sauti zenyewe. Msomaji wangu anaweza kuanza na maswali ya kipimo hicho wakiwa ndani ya daladala: nani unaongea naye, mchana unafanya nini?

Mfano wa futi zilizovutwa hivyo ulionekana kaskazini mwa London, ambako hospitali ya wagonjwa wa akili ya Friern ilifunguliwa mwaka 1851 ikafungwa 1993. Baadhi ya wagonjwa wake walikuwa wameishi wodini kwa miongo kadhaa, na futi waliyokuwa nayo ilikuwa ya wodini. Timu ya mtafiti Julian Leff iliwafuatilia kwa miaka mitano wagonjwa 670 waliotolewa hapo na katika hospitali ya Claybury, wakapelekwa kuishi katika jamii, wengi katika nyumba zenye wahudumu. Dalili za ugonjwa hazikubadilika sana, na zaidi ya theluthi walirudishwa wodini angalau mara moja. Hata hivyo walijifunza kazi za nyumbani na kujimudu mtaani, wakapata marafiki wa kuambizana siri, na walio wengi walipoulizwa wanataka kuishi wapi, walisema pale pale walipo.