Kulea Lavington, kununua Kawangware

Ukiifuata barabara ya Gitanga kutoka Lavington kuelekea magharibi, dakika chache tu uko Kawangware. Umbali ni mdogo, ila bei hubadilika kama umevuka mpaka wa nchi. Mama anayelea mtoto wake wa kwanza huku Lavington hugundua upesi kwamba karibu kila kitu cha mtoto kina bei mbili, na mara nyingi ile ya juu inalipia kodi ya duka na maegesho ya magari, wala si ubora. Ila kuna gharama moja ambayo kuipunguza ni kujitafutia balaa, na ndiyo hiyo wengi wetu tunayokazania kuipunguza.

Tuanze na nepi. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayemaliza pampasi 5 kwa siku, ukizipata kwa shilingi 25 kila moja, anakula 3,750 kwa mwezi. Kununua moja moja kwenye kibanda huonekana nafuu kwa sababu mkono hautoi pesa nyingi kwa mpigo. Piga hesabu ya pakiti kubwa kwa idadi iliyomo, si kwa bei iliyobandikwa mbele. Nepi za kitambaa nazo, dazeni moja kwa 800 kila moja, ni 9,600, na zinarudisha pesa yake kwa takriban miezi mitatu ukihesabu na sabuni. Zinafaa ukianza mapema. Kijana akikaribia miaka miwili na poti ishanunuliwa, usihangaike nazo, labda kama una nia ya kumpa ndugu.

Maziwa ndiyo yanayonikera. Kopo la gramu 400 la maziwa ya unga ya watoto waliopita mwaka hutoa takriban lita 3. Anayekunywa nusu lita kwa siku hulimaliza kwa siku 6, yaani makopo 5 kwa mwezi. Likiuzwa 1,500, hiyo ni 7,500. Pakiti ya nusu lita ya maziwa ya ng'ombe, tuseme ni 65, ni 1,950 kwa mwezi mzima. Kwa hizo 5,550 za ziada unapata nini? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 unasema watoto wa miezi 12 hadi 23 hawahitaji maziwa hayo ya kopo. Maziwa ya wanyama yanawafaa, na kunyonyesha kuendelee hadi miaka miwili au zaidi. Maziwa ya mashine ("milk ATM") ya Kawangware huwa nafuu zaidi ya pakiti, lakini yachemshe hata ukihakikishiwa yameshachemshwa. Zile 5,550 zipeleke kwa mama mboga na kwenye mayai.

Nguo ni soko la mitumba la Toi, pale karibu na Adams. Mtoto wa kiume akianza kukimbia, suruali huisha magotini kabla haijambana, basi suruali mpya ya dukani ni ya harusi na picha. Nenda asubuhi belo linapofunguliwa, uchague kamera, yaani zile nguo bora za kwanza, kabla wachuuzi wa mitandaoni hawajaimaliza. Viatu ndivyo ningenunua vipya, kwa sababu cha mtumba kimeshika umbo la mguu wa mwingine. Kunyoa? Kinyozi wa mtaani hutoza sehemu ndogo ya bei ya saluni ya watoto yenye viti vya umbo la gari. Mapunye huambukizwa kwa mashine isiyosafishwa, kwa hivyo nunua yako uende nayo.

Chanjo zilizo katika ratiba ya taifa hutolewa bure katika vituo vya umma, ikiwemo ile ya pili ya surua na rubela ya miezi 18. Kituo cha afya cha Riruta hakiko mbali. Unacholipia hospitali ya kibinafsi ni foleni fupi, au chanjo zisizo katika ratiba, mfano ya tetekuwanga.

Sasa mlezi, ile gharama isiyofaa kupunguzwa. Hapa ndipo utawasikia mama wenzako wakijisifu kumpata dada wa kazi wa elfu nane, huku mtoto ananunuliwa kopo la maziwa kila wiki. Kima cha chini cha mshahara wa msaidizi wa nyumbani Nairobi, kilichowekwa Novemba 2024, kilikuwa 16,113.75 kabla ya marupurupu ya nyumba. Ongeza sehemu ya mwajiri ya NSSF, asilimia 6, na ya tozo ya nyumba, asilimia 1.5, unafika 17,300 na kitu. SHA, asilimia 2.75, hukatwa kwenye mshahara wake. Sheria inampa pia siku moja ya kupumzika kila wiki na angalau siku 21 za likizo kwa mwaka, kwa hivyo weka akiba ya mtu wa kushika zamu.

Kituo cha kulelea watoto kinaweza kuonekana nafuu kuliko dada. Uliza kwanza: chakula kimo? Ukichelewa kwa foleni ya James Gichuru unatozwa ngapi? Mtoto akiwa na homa wanampokea? Wasipompokea, siku hiyo utalipa kituo na bado ukae nyumbani. Nairobi ina sheria ya vituo hivi tangu 2017, kwa hivyo kuomba kuona leseni si ukorofi.

Kwa mama anayerudi saa moja jioni, ningechagua dada anayelipwa kisheria, na "playgroup" isubiri. Darasa la PP1 huanza miaka 4, na wa miaka miwili hana mtihani wa kujiandalia. Kama ni wenzake wa kucheza nao unamtafutia, asubuhi ya Jumamosi pale Arboretum wapo tele.