Amplifaya Inavuma? Ziache Valvu Zako

Swali ni lile lile, wanaouliza tu ndio hubadilika. Leo ni mpiga solo wa bendi, kesho ni mhasibu aliyerithi amplifaya ya marehemu mjomba wake, keshokutwa ni kwaya nzima na mwenyekiti wake. "Fundi, inavuma. Ninunue valvu za kampuni gani?" Nikijibu kwamba bado sijui kama inahitaji valvu, ananitazama kama nilivyomtazama daktari siku aliponinyima sindano. Wengine huja na mzigo tayari: seti nzima ya valvu iliyoagizwa kwa ndugu aliyeko Dubai, ingali kwenye maboksi. Wanachotaka kwangu ni kuchomeka tu.

Basi tuelewane. Amplifaya ya gita yenye umri wa miaka 40 au 50 ikianza kuvuma mfululizo, mshukiwa wa kwanza si valvu. Ni kapasita za kuchujia umeme, ambazo pengine hazijaguswa tangu ilipotoka kiwandani.

Chukua Fender Twin Reverb ya miaka ya 1970, kwa kuwa ndiyo ninayoletewa kwa malalamiko haya. Ukiiangalia kwa nyuma unaona valvu nne kubwa za 6L6 na ndogo sita, zimening'inia, zinawaka rangi ya chungwa. Zinachomoka kwa mkono. Kapasita huzioni. Zimefichwa ndani ya kibati cha mstatili kilichofungwa kwa skrubu, ubavuni mwa valvu, pale pale penye joto. Mwenye amplifaya akitafuta mgonjwa humshika anayeonekana. Muuza valvu naye hana sababu ya kumkatalia.

Fungua kibati hicho uone. Kapasita ya aina hii ni karatasi mbili nyembamba za alumini zilizoviringishwa pamoja na karatasi iliyoloweshwa kimiminika. Miaka inavyopita, na joto likiwa hapo hapo, kimiminika hukauka. Utakuta ncha imevimba, au kuna ukoko mweupe wenye kahawia ulipovujia. Mara nyingine hakuna dalili yoyote ya nje, kapasita inang'aa kama mpya, lakini uwezo wake umekwisha. Kazi yake ilikuwa kulainisha umeme unaotoka kwenye rektifaya, kifaa kinachougeuza umeme wa ukutani uende upande mmoja. Isipoweza tena, mawimbi ya umeme hupita hadi kwenye spika, na hayo ndiyo unayoyasikia.

Mpiga gita ana kipimo ambacho hata mimi sina haja ya kumuuzia: masikio yake. Umeme wetu ni wa hezi 50. Ukipita kwenye rektifaya, mawimbi yake huwa maradufu, hezi 100. Hebu shika gita lililotunwa sawasawa, bonyeza uzi mnene kabisa kwenye nafasi ya tatu, upige. Hiyo ni G, hezi 98. Mvumo wa amplifaya yako ukikaa hapo hapo, juu yake kidogo sana, wenye ukali wa nyuki, umeme hauchujwi. Ukiwa oktavu nzima chini yake, mzito na laini, huo ni wa hezi 50. Tafuta waya wa gita, ardhi ya umeme, au pikapu za koili moja ambazo hudaka mvumo kutoka kila transfoma iliyo karibu. Nawashangaa wapigaji wanaoweza kunasa kwa sikio solo ndefu ya rekodi iliyochakaa, halafu hawajawahi kujiuliza amplifaya yao inavuma kwa noti gani.

Kisha shusha volyumu hadi sifuri. Mvumo ukipungua pamoja nayo, unatoka kwenye gita, waya au valvu ndogo za mwanzo. Usipobadilika hata kidogo, unatoka nyuma ya volyumu, na ukiwa na sauti ile ya G, washukiwa ni kapasita.

Hapa huwa nakatizwa: "Lakini fundi, jamaa yangu alibadilisha valvu na mvumo ukapungua." Nakubali, ulipungua. Ndiyo maana uongo huu haufi. Katika amplifaya ya namna hii valvu kubwa hufanya kazi kwa pande mbili zinazopokezana, na transfoma ya kutolea sauti hupokea tofauti ya pande hizo. Uchafu wa umeme unaofika pande zote mbili kwa kiasi kilekile hujifuta wenyewe. Valvu zilizochakaa kwa viwango tofauti haziufuti; mpya zilizolingana huufuta kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo seti mpya hufunika mvumo. Haikutibu kitu. Kapasita zinaendelea kukauka, na valvu mpya nazo zitaachana viwango. Baada ya muda jamaa huyo atarudi dukani akilalamika kwamba siku hizi valvu hazidumu.

Kufunika si hasara kubwa. Hasara kubwa ni hii. Valvu kubwa huzuiwa zisipitishe umeme kupita kiasi na volti hasi, kwenye Twin kama 45 hivi. Mafundi tunaiita bayasi. Volti hiyo nayo inategemea kapasita moja ndogo, ya bei ya kutupa, iliyozeeka pamoja na zile kubwa. Ikifa, volti hasi hushuka au hupotea kabisa. Valvu zinabaki bila breki. Zima taa ya chumba utazame: bamba la kijivu ndani ya kioo linaanza kuwa jekundu, kwanza doa dogo katikati, halafu bamba zima. Ukiona hivyo zima mara moja, usingoje wimbo uishe. Mwenye mali huona valvu zake zimeungua, ananunua nyingine, anachomeka, na zile za bei mbaya nazo zinakuwa nyekundu kabla hajamaliza kutuni. Lawama zinakwenda kwa Wachina. Kilichoua za kwanza bado kiko ndani, kinangoja za tatu, na safari hiyo kinaweza kuondoka na transfoma ya sauti, ambayo bei yake sitaki hata kuiandika.

Nikiwa hapo hapo: anayefunga fyuzi iliyokatika kwa karatasi ya sigara, au kuweka kubwa zaidi "ili ivumilie", asiniletee. Fyuzi ilikatika kwa sababu. Na ule mwanga wa buluu unaochezacheza kwenye kioo cha valvu kubwa si ugonjwa, ni elektroni zinazogonga kioo. Kuhusu kubadilisha seti nzima kila mwaka "kama oili ya gari", hiyo ni kanuni ya muuzaji. Valvu ndogo hudumu miaka mingi sana, hata 20. Kubwa za bendi inayopiga kila wikiendi huchoka mapema zaidi, lakini hupimwa, hazihesabiwi kwa kalenda.

Sasa, valvu hufa kweli, na zinapokufa haya ndiyo ya kufanya. Doa la fedha ndani ya kioo likigeuka jeupe, hewa imeingia, tupa. Valvu ndogo ikipiga kelele spika inapotikisika, igonge taratibu kwa penseli. Ikilia kwenye spika kama maikrofoni, ndiyo hiyo, badilisha hiyo moja, ziache wenzake. Ndogo hazihitaji kurekebishwa chochote. Kubwa nunua zilizolinganishwa, na kwenye Twin au Marshall bayasi ipimwe upya na fundi mwenye multimita. Vox AC30 haina bayasi ya kurekebisha, ila valvu zake nne kubwa, za EL84, zilingane pia. Usitishwe na majina kwenye maboksi: viwanda ni vichache kuliko majina. JJ wako Slovakia. Sovtek, Electro-Harmonix, Tung-Sol na Mullard ya leo hutoka Saratov, Urusi. Mullard ya Blackburn, Uingereza, ilikwisha zamani. China nao wanatengeneza. Urusi ilipozuia bidhaa kutoka nchini mwaka 2022 bei zilipaa, kwa hiyo feki ni nyingi.

Kapasita ziwe mpya, si za kung'oa kwenye televisheni. Volti isipungue iliyoandikwa kwenye ya zamani, ziwe za kuhimili nyuzi joto 105, chanya na hasi zisigeuzwe. Badilisha zote kwa pamoja, na ile ndogo ya bayasi usiisahau. Kama amplifaya ililetwa kutoka Marekani ikiwa na plagi ya miguu miwili, iwekewe ya mitatu siku hiyohiyo, na ipewe volti 120 kupitia transfoma ya kushushia. Usiiwashe bila spika, hata kidogo.

Na kazi ya ndani mwachie fundi. Volti zaidi ya 400 zinaweza kubaki kwenye kapasita baada ya kuchomoa plagi. Rezista za kumaliza umeme huo zimo kwenye baadhi ya amplifaya, lakini nazo zina miaka 50, usiziamini, pima.

Ukija kwa fundi, njoo na amplifaya, spika yake, waya unaotumia kila siku na valvu za zamani ulizozitoa. Hizo za zamani usizitupe: mara nyingi huwa bado nzima, na ndizo tutakazozirudisha.