Kondoo wa Kanisa la Morebath

Morebath ni kijiji cha mkoa wa Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza. Katika karne ya 16 kilikuwa na kaya 33 hivi, wengi wao wakulima na wafugaji wa kondoo, na leo kisingekumbukwa lau padri wake, Christopher Trychay, asingekuwa mtunzaji hodari wa mahesabu. Alifika mwaka 1520, akakaa hapo mpaka alipofariki mwaka 1574. Katika muda huo dini ya taifa iligeuzwa tena na tena kwa amri ya mwenye kiti cha enzi, na kila amri ilimkuta yeye kanisani, kalamu mkononi.

Mageuzi hayo, yaani Matengenezo ya Kanisa, huelezwa mara nyingi kwa hoja za wanateolojia. Daftari la Morebath linayaeleza kwa sufu na nta.

Kanisani mlikuwa na sanamu za watakatifu, na ibada zake ziligharimiwa na mifuko mbalimbali. Wasichana walikuwa na mfuko wao na vijana wa kiume wa kwao, kila mmoja ukiwa na wasimamizi wake. Baadhi ya mifuko ilimiliki kondoo, ambao wanakijiji waligawana kuwachunga pamoja na mifugo yao wenyewe. Sufu iliuzwa, fedha zikanunua nta ya mishumaa iliyowaka mbele ya sanamu. Wengine walipika pombe, wakaiuza kwenye sherehe ya parokia, na faida ikawa ya kanisa. (Najua wapo wazee wa kanisa watakaokunja uso wakisoma hapa.) Kisha mahesabu yalisomwa kwa sauti mbele ya parokia nzima. Kwa utaratibu huo, msichana asiye na shamba wala sauti kwingineko alishika fedha za umma na kuzitolea hesabu.

Mwaka 1538 serikali ya Henry wa Nane ilipiga marufuku mishumaa mbele ya sanamu. Kwa mtazamaji wa London lilikuwa jambo dogo. Lakini pasipo mshumaa nta haihitajiki. Pasipo haja ya nta, kondoo wa mtakatifu ni wa nini, na wasimamizi wasimamie nini? Chini ya mwanawe, Edward wa Sita, aliyetawazwa mwaka 1547, sanamu ziliondolewa, mifuko ikavunjwa, kondoo wakauzwa. Mwaka huohuo wa 1547 Trychay alikamilisha ununuzi wa mavazi meusi ya misa za wafu, aliyoyachangisha kwa takriban miaka 20. Muda si mrefu misa zenyewe zikafutwa.

Mwaka 1549 Kitabu cha Sala cha Kiingereza kilichukua nafasi ya misa ya Kilatini, na watu wa Devon na Cornwall wakaasi. Mwanahistoria Eamon Duffy, aliyeandika kitabu kizima juu ya kijiji hiki, ameonyesha kutokana na daftari kwamba parokia iligharimia vijana watano kwenda kambi ya waasi nje ya mji wa Exeter. Jeshi la mfalme liliuzima uasi huo kwa damu.

Malkia Mary alipoingia mwaka 1553 na kuurudisha Ukatoliki, vifaa vya ibada vilivyokuwa vimehifadhiwa majumbani vilitokea tena kanisani. Hapo ndipo hasara halisi ilipojulikana. Misa ilirudi upesi, lakini ile mifuko ya vijana na wasichana, pamoja na kondoo wake, haikurudi kama zamani. Malkia Elizabeth alipogeuza tena mambo mwaka 1559, palikuwa pamebaki machache ya kubomoa. Trychay alitii, akaendelea na kazi. Ni rahisi kumwita kigeugeu. Mimi namwona mtu aliyechagua kubaki na watu wake.

Mvutano huo wa Uingereza juu ya namna ya kuabudu ulisafiri hadi kwetu. Waanglikana wa Zanzibar na Masasi, waliolelewa na wamisionari wa shirika la UMCA, walizoea ubani na mavazi ya ibada. Wa Dodoma, waliolelewa na wale wa shirika la CMS, walifunzwa ibada isiyo na mapambo hayo.

Nasi tunayo madaftari kama lile la Trychay, lakini yale ya michango ya parokia zetu kongwe yanaliwa na mchwa makabatini. Wanaoyashikilia wayapeleke kwenye hifadhi ya nyaraka za dayosisi kabla hayajaisha.