Saa moja mbele ya gorila: mtalii alikuwa analipa dola 400 juu ya nini?

Wakaaji wengi wa Rutshuru na Nyiragongo wamekwisha kuona magari ya watalii yakipanda Rumangabo. Wengi wamejiuliza vilevile: mtu alikuwa anatoka Ulaya ao Marekani, analala fasi nzuri kushinda nyumba ya mwami, kisha analipa dola 400 juu ya kuangalia nyama wa pori saa moja tu. Ile saa ilikuwa inauzwa namna gani?

Gorila wa milimani si nyama wa kupita na kuangalia njiani. Mwenye hajazoea watu anakimbia, ao dume anakuja mbio na kelele. Njo maana, mbele ya mtalii wa kwanza kufika, kundi linafuatwa kila siku, miaka miwili hata zaidi, polepole, mpaka mtu aonekane kitu cha kawaida porini. Kazi hiyo ni ya wapisteri, ni kusema wafuata nyayo. Kila magharibi gorila wanatengeneza vitanda vipya vya majani na matawi. Asubuhi pisteri anarudi fasi alipowaacha jana, anafuata njia yao mpaka kwenye vitanda, kisha anaendelea na panga mpaka awaone, na anajulisha wenzake kwa redio. Mtalii akifika Bukima na viatu vyake vipya, kazi kubwa imekwisha kufanyika.

Na kazi hiyo haina konji. Hata watalii wakikosekana mwaka mzima, kuko mitego ya kamba ya kukata, kuko wagonjwa wa kufuata. Kundi lenye kuachwa muda mrefu linaanza kuogopa watu tena.

Saa moja inatoka wapi? Ni sababu ya ugonjwa. Gorila na mtu wako karibu sana kwa damu, na mafua yenye kukuacha wewe na kikohozi cha siku tatu yanaweza kumuua yeye. Kwa hiyo kuko maski, kuko mita za kuheshimu, na mwenye kukohoa anabaki kambini hata kama amelipa. Wenye hawajafikisha miaka 15 hawapandi.

Sasa lodge. Mikeno Lodge pale Rumangabo, karibu kilomita 50 toka Goma, ilifunguliwa 2012: vijumba vya mawe meusi ya volkano ndani ya msitu. Wengine wanaona ni raha ya wazungu tu. Lakini bila kitanda kizuri na maji ya moto, mtalii anaona gorila asubuhi, na magharibi anakula Gisenyi. Akilala siku tatu, anahitaji mpishi, mfuaji, dereva, mbeba mizigo wa Nyiragongo, viazi na maharagi ya sokoni. Tiketi ilikuwa inaingia kwa mbuga. Mshahara wa lodge ulikuwa unaingia kijijini.

Ngambo ya mpaka, tangu 2017, tiketi ya Rwanda ni dola 1.500. Uganda imefika 800 mwaka 2024. Milima ya Virunga ni ileile, na gorila anavuka bila jeto. Yetu ilikuwa rahisi juu ya barabara na usalama. Mei 2018 Waingereza wawili walitekwa nyara na mlinzi wa kike wa mbuga akauawa. Utalii ukafungwa mpaka Februari 2019. Machi 2020 Covid ikafunga tena. Mei 2021 Nyiragongo ikalipuka. Mwishoni mwa 2022 vita vya M23 vikafika Rumangabo penyewe. Kila mara mpishi na mfuaji njo wa kwanza kurudi nyumbani mikono mitupu.

Tena kuko jambo la makala. Julai 2007 dume Senkwekwe na majike ya kundi lake walipigwa risasi, si juu ya nyama wala ngozi. Uchunguzi ulielekea kwa biashara ya makala, yenye faida kubwa kwa sababu Goma nzima inapika nayo. Mama wa Kibumba mwenye kununua gunia moja hana lodge wala umeme. Kumwambia tu aache ni bure. Stima ya maji ya Matebe, megawati 13, ilizinduliwa Desemba 2015 juu ya swali hilohilo, lakini nyaya hazijafika kila nyumba.

Rwanda inatoa asilimia 10 ya mapato ya mbuga zake kwa wakaaji wa kandokando. Ukikaa barzani na wakubwa wa mbuga, uliza hesabu ya kwenu: ngapi, shule gani, mwaka gani.

Gorila wenyewe wameongezeka. Mwaka 1981 kwenye milima hii, nchi tatu pamoja, walihesabiwa karibu 250. Hesabu ya 2015 na 2016 ilikuta 604. Sehemu kubwa ya miaka ile lodge ya Rumangabo haikuwa hata imejengwa. Wapisteri walikuwa wanapanda.